Kiti cha Wizara ya Huruma

Iko nchi moja nzuri sana, ambayo jina lake halitatajwa hapa kwa sababu wenyewe wamepiga marufuku kulitaja kabla ya kupiga mswaki, na haijulikani ni nani kati ya wasomaji amepiga. Ni nchi yenye huruma. Ina Wizara ya Huruma, jengo refu lenye ngazi nyingi na lisilo na lifti. Mwenye shida anayefanikiwa kupanda hadi juu huambiwa kwamba, kwa jinsi alivyopanda, hana shida. Anayeshindwa kupanda huhesabiwa kuwa hakuja.

Wizara hiyo ina lori moja la kijani. Ndani ya lori imo misaada yote ya taifa: kitanda cha hospitali, bomba la maji ambalo halijaunganishwa na kitu chochote, dawati, pikipiki, blanketi, ng'ombe wa maziwa aliyezeekea kazini, na kiti kimoja cha magurudumu ambacho nailoni yake ya kiwandani haijawahi kutolewa. Lori huzunguka nchi nzima, na Waziri huzunguka nalo. Kila linapofika hutandazwa maturubai, bendi hupiga, Waziri hukabidhi, kamera hupiga picha, na mnufaika hulia kwa furaha kwa muda ambao mpiga picha atauhitaji.

Kisha huja Sehemu ya Pili ya hafla, inayoitwa Marejesho. Mnufaika husema, "Nimepokea, nimeridhika, naomba na wenzangu wapate," halafu hukirudisha alichopewa, kikapandishwa kwenye lori na kwenda wilaya inayofuata. Watoto hufundishwa maneno hayo darasa la kwanza, kabla ya kufundishwa kuhesabu. Kuna kijiji kiliwahi kukabidhiwa lile bomba la maji, na mpaka leo wazee huwaonyesha wageni mahali liliposimama. Kwa njia hii kila mwananchi ameshasaidiwa, na hakuna anayelalamika, maana atalalamika vipi mtu ambaye picha yake ipo?

Kwa wachache wanaosahau kurejesha, nchi imejenga Shule ya Shukrani, kule milimani kwenye hewa nzuri. Inasemekana ni pazuri mno. Hakuna aliyewahi kurudi akasema vingine.

*

Zamda alikuwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya ya Mlimbo. Alisoma chuo, akafaulu vizuri, na alikuwa mwoga. Aliogopa simu. Aliogopa viatu vya mkurugenzi wake, ambavyo vilisikika kabla ya mwenyewe kuonekana. Alipiga hodi hata kwenye mlango wa ofisi yake mwenyewe, akasubiri kidogo, ndipo akaingia. Ofisi hiyo iliwahi kukabidhiwa pikipiki, ikairejesha kwa nidhamu, kwa hiyo Zamda alitembea kwa miguu.

Aliwatembelea watu ambao akili zao zilijifunza polepole: watoto waliochelewa kusema au hawakusema kabisa, na watu wazima ambao ndugu zao waliwafungia chumbani wageni walipokuja. Kwenye nyumba nyingi aliambiwa, "Hapa hatuna mtu wa hivyo," huku mtu wa hivyo akicheka nyuma ya pazia. Zamda hakuwabishia. Aliondoka, kesho akarudi, akasalimia tena, akasifia maua ya uani, mpaka siku moja pazia likafunguliwa.

Jumatatu moja mkurugenzi wa wilaya, Bwana Ngwatu, alimwita.

"Kaa," akamwambia, ingawa hapakuwa na kiti cha pili. Zamda akakunja magoti kidogo ili aonekane ametii.

"Alhamisi Mheshimiwa Waziri anakuja kukabidhi kiti cha magurudumu. Tunahitaji mnufaika."

"Yupo Mzee Tunzo, bwana mkurugenzi. Miguu yake haifanyi kazi, na ameomba kiti tangu..."

"Mzee Tunzo ana ndevu. Ndevu zinatia kivuli kwenye picha. Mheshimiwa anataka uso wa furaha. Yule binti wa muuza maharage, yule anayechekacheka."

"Mashavu? Mashavu anatembea, mkurugenzi. Anatembea kunishinda mimi. Shida yake ni kuelewa mambo, anaelewa taratibu, na anahitaji mtu wa..."

"Ni mlemavu au si mlemavu?"

"Ni mlemavu, lakini..."

"Basi atapewa kiti. Akili huwezi kuipandisha kwenye lori, Zamda." Akazipanga kalamu zake mezani, ingawa zilikuwa zimepangwa. "Mfundishe kurejesha. Mfundishe vizuri. Bwana Sefania atakuwepo."

Bwana Sefania alikuwa Afisa Shukrani. Hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Aliwaambia watu, "Asante kwa kuja," akawafungulia mlango wa gari kwa mkono wake, na gari likaelekea milimani. Mwaka uliopita alimfungulia mlango kijana mmoja wa wilaya ya jirani, Kheri, ambaye naye alikuwa na akili ya polepole. Kheri alikabidhiwa blanketi, akajifunika, akaona joto lake ni zuri, akakataa kulitoa. Mama yake humpelekea nguo Shuleni kwa basi. Nguo hurudi zimefuliwa, zimepigwa pasi, na vifungo vyote vimekazwa. Mama huyo husema hajawahi kuona pasi nzuri namna ile.

*

Bi Kazija, mama yake Mashavu, alikuwa anachagua maharage barazani, Mashavu amekaa karibu naye akitenga mekundu na ya njano. Mashavu alikuwa na miaka ishirini na kitu, uso wa mviringo, na kicheko kilichofika kabla ya sababu yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Uso huo umebeba nini leo?"

Zamda akaeleza. Bi Kazija alisikiliza bila kuacha kuchagua, mpaka jina la Bwana Sefania lilipotajwa. Hapo mkono wake ukasimama juu ya ungo.

Inafaa ielezwe kwa nini. Zamda alipoijua nyumba hii, Mashavu alikuwa mtu wa kunyang'anywa. Watoto wa mtaa walimpora mandazi mkononi, naye akacheka nao. Jirani mmoja alimvua kandambili, naye akarudi nyumbani pekupeku, akicheka. Kulikuwa na mwanamume dukani aliyeanza kumwita nyuma ya duka. Zamda akaja na kikombe chekundu cha plastiki. "Hiki cha nani?" Wiki baada ya wiki, kikombe mkononi. "Hiki cha nani, Mashavu?" Siku Mashavu alipokishika kwa mikono miwili na kusema "Changu," Bi Kazija aliingia ndani akalia kwenye kanga. Baada ya kikombe wakaja kwenye viatu, kisha sahani, na mwisho, kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa, mwili wake. Mwanamume wa dukani akaambiwa "Changu" mbele ya wateja, akaacha kuita.

Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo Zamda aliwahi kuifanya bila kuogopa.

"Kwa hiyo," alisema Bi Kazija, "ulikuja hapa ukamfundisha kushika. Leo umekuja kumfundisha kuachia."

"Ni kwa siku moja tu, mama."

"Kwake yeye ipo siku moja tu? Ukimwambia leo si chake, kesho atajuaje kipi ni chake?"

Zamda akatazama maharage.

"Siku serikali ikikutuma unifundishe kutopumua," Bi Kazija akaendelea, "utakuja hivyohivyo, shikamoo mama, na mkoba wako begani."

"Mama, nisipokuja mimi watamtuma mtu mwingine."

"Najua. Ndiyo maana sijakufukuza." Akasukuma ungo pembeni. "Anza basi. Tufanye kiti ni kile kigoda."

Wakaanza. Zamda akawa Waziri, akakabidhi kigoda. Mashavu akakaa, akapiga makofi.

"Sasa kirudishe, Mashavu."

"Changu."

"Ndiyo. Lakini sasa mpe dada."

Mashavu akamtazama kwa mshangao wa mtu anayemwona mwalimu wake akikosea ubaoni. "Changu," akamsaidia.

Jumanne ikapita hivyo. Zamda alijaribu biskuti: Mashavu alikula biskuti akiwa juu ya kigoda. Alijaribu kukasirika, lakini sauti yake ilipopanda Mashavu alijikunyata akaziba masikio, na Zamda akaomba radhi mpaka jua likazama. Jumatano mchana alikuwa amebaki hana njia. Aliegemea ukuta, akatazama huku na huku kama mtu anayetaka kuiba, akanong'ona, "Mama, nimechoka."

Alitazama huku na huku kwa sababu nzuri. Katika nchi hiyo Mkuu wa Nchi alishatangaza, kwenye sikukuu ya taifa, kwamba viongozi na watumishi wa umma hawachoki. Tangu siku hiyo neno lile halikuruhusiwa kinywani mwao. Wauguzi walipotoka zamu walisema, "Nimeridhika sana," wakishika viuno. Walimu walisema, "Nimetafakari." Dereva mmoja wa serikali aliyesinzia na kutumbukiza gari mtoni aliandikiwa kwamba alizidiwa na uzalendo.

Mashavu alinyanyuka. Akakisukuma kigoda mpaka miguuni kwa Zamda. "Kaa, dada. Pumzika."

Wanawake wawili wakatazamana. Wakarudia. Bi Kazija akajishika mgongo akasema amechoka: akapewa kigoda. Wakamwita jirani aliyekuwa akipita na ndoo, akasema amechoka, tena kweli alikuwa amechoka: akapewa. Mashavu hakuwa mchoyo hata chembe. Hakuelewa kwa nini amrudishie kitu mtu aliyesimama vizuri, amevaa suti, na hajachoka.

"Basi ni rahisi," alisema Zamda, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akavuta pumzi mpaka chini. "Nitamwomba yule mlinzi wa lori, anayepokea vitu vya Marejesho, aseme neno hilo tu. Polepole, sikioni."

Bi Kazija alimtazama kwa huruma, ile ambayo haina wizara.

*

Alhamisi uwanja ulijaa. Lori lilikuwa limeegeshwa nyuma ya turubai, na mlinzi wake, kijana mrefu mwenye sare iliyokakamaa, alisimama kwenye tela akitazama mbele.

"Kaka, samahani," alinong'ona Zamda. "Ikifika Sehemu ya Pili, tafadhali, msogelee binti umwambie umechoka. Atakupa kiti mara moja."

Mlinzi hakugeuza kichwa. Midomo yake tu ndiyo iliyocheza. "Dada, mimi nina watoto."

"Neno moja tu, kaka."

"Hata mtu wa kabla yangu alisema moja. Ondoka hapa, wanatuona."

Zamda akarudi mahali pake. Mwisho wa safu ya kwanza alikaa mtu mwembamba wa makamo, mikono juu ya magoti, akisikiliza kila kitu kwa uso mpole. Nyuma yake gari jeusi lilikuwa limeegeshwa kwenye kivuli.

Waziri alisimama. "Ndugu wananchi," alisema, "serikali yenu ni sikivu. Ina masikio makubwa kuliko kichwa. Imekisikia kilio cha binti huyu, kilio ambacho yeye mwenyewe, kwa unyenyekevu, hakukitoa. Binti huyu hakuweza kutembea." Mashavu, aliyekuwa amekuja jukwaani kwa miguu akirukaruka, akacheka na kupunga mkono. "Leo anatembea. Nani amemtembeza? Ni huruma. Huruma ya juu, inayoshuka chini kwa utaratibu, mpaka inamfikia yule wa mwisho, na ikishamfikia, inapanda tena juu kupumzi... kujipanga upya."

Makofi. Kiti kikasogezwa, Mashavu akakaa, nailoni ikalia chini yake. Alizungusha magurudumu, akaona yanatii, akacheka kicheko kikubwa hata wapiga picha wakacheka pamoja naye. Kwa dakika hizo chache Zamda alisahau kila kitu. Hakuwahi kumwona mtu akifurahia kitu asichokihitaji namna ile, isipokuwa mawaziri.

"Na sasa," alisema mshereheshaji, "Sehemu ya Pili."

Akamwekea Mashavu kipaza sauti mdomoni. Mashavu akakitazama, akashika mikono ya kiti.

"Changu," zikasema spika zote za uwanja.

Watu wachache wakacheka, wakajutia. Mshereheshaji akarudia, taratibu, "Nimepokea, nimeridhika..." na Mashavu akamsahihisha tena, kwa upole. Tabasamu la Waziri likabaki lilipokuwa, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Bendi haikujua ipige au isipige. Kwenye safu ya kwanza Bwana Sefania alinyanyuka, akafunga kifungo cha koti lake, akaanza kutembea kuelekea jukwaani bila haraka. Kule kwenye kivuli mtu alifungua mlango wa gari jeusi na kuushikilia wazi.

Zamda alimwona Bi Kazija katikati ya umati, amejifunga kanga kiunoni, anasukuma watu ili apite, na watu hawapishi.

Baadaye hakuweza kukumbuka alivyofika jukwaani. Alikumbuka tu kwamba kipaza sauti kilikuwa karibu kuliko alivyodhani.

"Mashavu," alisema, "nimechoka."

Neno lilipita kwenye spika ya kwanza, ya pili, ya mwisho kule kwenye magoli, likarudi. Mkurugenzi Ngwatu aliziba uso kwa ratiba. Waziri akatazama juu, kwenye turubai, kama mtu anayesubiri lianguke. Hata ng'ombe ndani ya lori alinyamaza.

Mashavu alikuwa ameshasimama. "Kaa, dada," alisema, akamshika Zamda mabega na kumkalisha. "Pumzika sasa."

Mshereheshaji alikuwa mtu mwenye uzoefu. "Naam," alisema kwa sauti nyembamba, "mnufaika amerejesha. Makofi kwa mnufaika." Umati ukapiga makofi kwa nguvu za watu wanaotaka yaishe. Kamera zilikuwa zimenasa kila kitu: binti alipewa, akafurahi, akatoa kwa mikono yake mwenyewe. Hakuna Marejesho yaliyowahi kufanyika vizuri kama yale.

Bwana Sefania akasimama kati ya wanawake wawili. Alimtazama Mashavu, ambaye hakuwa na kitu mkononi. "Asante," akamwambia, na Bi Kazija, aliyekuwa amefika, akamshika mwanawe kifundo cha mkono na kuanza kumwondoa.

"Dada anapumzika," Mashavu alimweleza mama yake, akipunga.

"Ndiyo mwanangu. Tembea."

Kisha Bwana Sefania akamgeukia Zamda. "Na wewe, dada?"

Alichotakiwa ni kusimama tu. Kusimama, kusema amepokea na ameridhika. Zamda aliyaamuru magoti yake. Aliyaamuru tena. Hayakusikia. Hofu yote ya miaka yake, ya simu, ya viatu, ya milango, ilikuwa imeteremka ikajaa humo.

Lakini lori lilikuwa na ratiba, na wilaya nyingine ilikuwa inasubiri kusaidiwa jioni hiyo. Mlinzi akakishika kiti upande mmoja, dereva upande wa pili, wakakipandisha na mtu wake ndani.

*

Bwana Sefania aliliacha gari lake jeusi, akapanda nyuma ya lori, kwa usalama wa mali ya umma. Mlinzi alikwenda kukaa mbele na dereva. Barabara ilikuwa mbaya. Bomba la maji liligongana na dawati, ng'ombe aliegemea ubavu wa lori, na milima ilionekana mbali upande wa kulia, ya bluu, mizuri kama ilivyosemekana.

Bwana Sefania alikaa ukingoni mwa kitanda cha hospitali. Kisha akainama, akavua viatu. Nyayo zake zilikuwa zimevimba.

"Lile neno," alisema bila kumtazama. "Ulipolisema, lilikuwaje?"

Zamda aliuona mtego wazi kabisa. Aliona pia vidole vya miguu ya yule mtu vikijikunjua kwenye upepo.

"Lilikuwa zito mwanzoni, bwana," alijibu kwa sauti ndogo. "Likishatoka, halikuwa na uzito."

Bwana Sefania akatikisa kichwa kama mtu anayeambiwa bei. Zamda akasubiri, kama anavyosubiri kwenye nyumba zenye mapazia. Halafu, kwa kuwa hofu ikizidi sana hukimbilia kwenye mazoea, akauliza lile swali ambalo humuuliza kila mtu.

"Nyumbani yupo mtu unayemtunza?"

Lori likaruka kwenye shimo. Bwana Sefania akashika kitanda.

"Mdogo wangu," alisema mwishowe. "Yuko chumba cha nyuma. Hasemi, ila anaimba. Wageni wakija nafungulia redio." Akaitazama ile milima. "Ni mtu mzima sasa. Usiku halali. Na mimi silali."

"Anaitwa nani?"

Bwana Sefania akanyanyuka ghafla, pekupeku, akagonga kibati cha mbele kwa ngumi. Zamda akafumba macho. Lori likasimama.

"Shuka," alisema Bwana Sefania.

Magoti yakasikia. Zamda akasimama, akakanyaga majani ya ng'ombe, akateremka hadi barabarani akishikilia ubao wa nyuma.

"Nitasema umerejesha."

"Asante, bwana."

"Usiniambie asante." Sauti yake ilikuwa bado ya upole. "Usimwambie mtu yeyote."

"Na Kheri?" Zamda hakujua jina hilo lilitokaje. "Yule kijana wa blanketi. Mama yake humpelekea nguo. Yupo?"

Bwana Sefania alimtazama kwa mara ya kwanza tangu wapande lori, muda mrefu, na katika uso wake hapakuwa na kitu cha kusoma.

"Nenda nyumbani, dada," akasema.

Lori likaondoka. Zamda alisimama kwenye vumbi akamwona Bwana Sefania akirudi ndani, akigusa mgongo wa kile kiti cha magurudumu, akitazama upande wa dereva, kisha akikikalia. Kichwa chake kikaenda mbele polepole mpaka kidevu kikagusa kifungo cha koti.

Nyumbani kulikuwa mbali. Zamda alianza kutembea, si kwa haraka, maana katika nchi hiyo mtu anayekimbia huulizwa anachokimbia. Hakujua yule mtu akiamka ataamka nani. Hakuwa amefika mbali alipolisikia lori, nyuma yake, likipunguza mwendo. Akasimama palepale. Hakugeuka. Injini ikanguruma, gia ikabadilishwa kwa kelele, na Zamda, mikono ameifumbata kwenye mkanda wa mkoba, akasikiliza kwa mwili wote: kilikuwa kilima tu. Akangoja mpaka likapanda, likamaliza kupanda, na barabara ikawa kimya, kisha akangoja tena kidogo, ndipo akanyanyua mguu.